Uzi: Halmashauri zinatoa punguzo kwa wanaojenga kijani na kutunza maji ya mvua kiwanjani, mbona wanaolichukua ni wachache?

#1 Mchoro_Mbichi
Wakuu habari za kazi. Mimi nachora ramani za nyumba. Kila mteja mpya namweleza kwamba zipo halmashauri zinazompunguzia mtu bili, zinazomwahishia kibali, hata zinazomruhusu aongeze ghorofa, ilimradi asimwage zege kiwanja kizima, yaani aache bustani ya kunywa maji ya mvua, au aweke paa lililopandwa mimea, au tangi la kukinga maji. Mteja anaitikia vizuri kabisa, "safi sana hiyo", alafu tukifika kwenye mchoro wa nje anasema weka pevingi mpaka getini gari isikanyage tope.

Sasa naombeni tuelezane, motisha ikiwepo kwenye makaratasi kwanini watu hawaifuati? Mi naona hela ni ndogo mno. Nikosoeni.

#2 Tofali_Bichi
Umejijibu mwenyewe mkuu. Mtu apunguziwe vijisenti kwenye bili ya kila mwezi wakati kuchimba, kokoto, paipu na fundi vinamtoka mfukoni leo? Uzi ufungwe.

#3 KaraniMstaafu
Usiufunge bado kijana. Udogo wa punguzo unategemea bili yenyewe imekaaje. Angalia Philadelphia kule Marekani. Zamani ada ya maji ya mvua, ile ya kuyaondoa maji yanayotiririka kutoka kiwanjani, ilikadiriwa kwa ukubwa wa mita ya maji safi, kwahiyo kiwanja cha kuegesha magari, lami tupu, hakina hata bomba moja, kilikuwa hakilipi chochote, na jengo refu lenye kapaa kadogo linabebeshwa mzigo. Kuanzia 2010 wakahamisha wateja wasio wa makazi kwenye hesabu ya eneo lisilopitisha maji, wakaipandisha taratibu ndani ya miaka 4. Wenye viwanja vya lami waliruka! Na waliporuka ndo wakaanza kuulizia punguzo linapatikanaje. Ada isiyouma haimfanyi mtu achimbe, hata umpunguzie yote.

#4 BintiZege
Shikamoo mzee Karani. Niongezee Ujerumani, kule bili ya maji taka imegawanyika vipande viwili, maji machafu yanahesabiwa kwa mita na maji ya mvua kwa kila mita ya mraba uliyoiziba na kuiunganisha na bomba la mji. Ukiondoa zege maji yakazama kwako, lile eneo linatoka kwenye hesabu. Haiitwi motisha wala haina sherehe, unapeleka vipimo basi.

#5 Mwana_Mtaro
Yaani mvua inyeshe Mungu, bili ilete halmashauri. Kesho mtatoza jua.

#6 Kasuku_wa_Bati
@Mwana_Mtaro umechelewa, wenzako walishayasema hayo. Jimbo la Maryland mwaka 2012 lilipitisha sheria kaunti 9 kubwa pamoja na jiji la Baltimore watoze ada ya maji ya mvua, wapinzani wakaibandika jina la kodi ya mvua na jina likakaa. Kaunti ya Carroll ikagoma. Frederick wao wakatoza senti 1 kwa kila kiwanja, sheria imetimizwa na hakuna aliyeumia 😂😂. Kufika 2015 lile sharti la lazima likaondolewa, kila kaunti ijiamulie. Kwahiyo mzee Karani ada inayouma mwisho wake ni kwenye sanduku la kura.

#7 KaraniMstaafu
Marahaba binti. Kasuku, ni kweli, ila usisahau jimbo hilohilo ndo chimbuko. Kaunti ya Prince George's miaka ya 1990 ndo ilizianzisha hizi bustani za kuchuja maji ya mvua, na 1999 wakatoa mwongozo ambao sehemu nyingi waliunakili. Wanasiasa waligombana juu ya bili, lakini mabustani yaliendelea kuchimbwa.

#8 Ngazi7
Wote mnaongea kana kwamba mwenye jengo na mlipa bili ni mtu mmoja. Mimi najenga nauza. Punguzo la bili la miaka 20 anafaidi aliyenunua, mi nimetoa hela ya kokoto nimeondoka. Na akiwa mpangaji ndo kabisa, bili ya mpangaji, uamuzi wa mwenye nyumba, nani achimbe? Hapo tatizo sio udogo wa hela mkuu Mchoro, hela inaenda mfuko wa mtu mwingine.

Mimi niahidi vitu viwili nitakuja mbio. Kwanza kibali mapema. Chicago walianzisha utaratibu huo 2005, jengo likitimiza masharti ya kijani michoro ilikuwa inapitiwa ndani ya siku 30 za kazi au pungufu badala ya kuzunguka nayo ofisi hadi ofisi. Riba ya benki hailali, wiki nikiokolewa naijua thamani yake mpaka senti. Pili eneo la kujenga la ziada, kama Arlington kule Virginia walivyoanza tangu 1999, ukifikia kiwango cha LEED, ule mfumo wa Marekani wa kuyapa majengo ya kijani alama na cheti, wanakuongezea ukubwa unaoruhusiwa. Na halmashauri hapo haijatoa hela hata moja kwenye bajeti yake.

#9 Mchoro_Mbichi
Ngazi7 umenipa kitu, sikuwa nimewaza upande wa muuzaji. Ila hilo la kuongeza ukubwa majirani wanalipokeaje?

#10 Ngazi7
Majirani wanakuja kwenye kikao na sura za msibani. Lakini nao waulizwe, wanataka ghorofa moja zaidi au maji yashuke kwao?

#11 BintiZege
Kuna shimo hapo kaka Ngazi7 na unalijua. Eneo la ziada linatolewa kwa ahadi, cheti cha kijani kinakuja jengo limeshasimama. Alama zikipungua, ulitaka za kiwango cha Silver ambazo ni 50 umepata 46, halmashauri ifanyeje, ivunje ghorofa ya juu? Ndo maana wanaojua kazi wanashika dhamana ya hela kwanza, unarudishiwa ukileta cheti.

#12 Ngazi7
Sina la kusema dada, umeingia jikoni kwetu 😅

#13 FundiPaipu
Nimesoma kote huko juu mmejaa hela na sheria, mi nipo site niwaambie zinakofia hizi bustani. Kuna jengo moja tuliitwa kurekebisha, halmashauri ya pale walishatoa punguzo, mchoro umepigwa mhuri, bustani ya mvua ipo katikati ya maegesho imepandwa vizuri kabisa. Nafika naona imeinuliwa juu ya lami, na imezungushiwa ukingo wa zege pande zote nne, hamna hata tundu moja. Mvua ikinyesha maji yanaizunguka bustani yanakwenda zake kwenye mfereji wa mtaani, na bustani ndo inamwagiliwa kwa mpira! Punguzo linatoka kila mwezi kwa kumwagilia maua. Tulichofanya ni kukata ukingo sehemu mbili upande wa juu na kushusha udongo ukae chini ya usawa wa lami, basi ikaanza kazi.

Nyingine ni shindilia. Udongo wa hizi bustani unatakiwa uwe mlegevu, mchanga mwingi na mboji kidogo, sasa dereva wa kijiko anakuja kugeuzia hapohapo mara kumi kwasababu ndo kanafasi kalikobaki, udongo unakuwa sakafu. Alafu pevingi za kupitisha maji, zile zenye matundu, fundi wa plasta anakoroga udongo wa saruji juu yake, siku hiyohiyo imeshakuwa chujio la chai lililoziba. Injinia anakuja na suti anasema teknolojia haifai. Teknolojia imekosa nini?

#14 Tofali_Bichi
FundiPaipu 🙌 hilo la ukingo nimecheka peke yangu kama chizi. Lakini si unaona linaunga hoja ya tatu sasa, kwamba punguzo linalipia mchoro badala ya maji yaliyozama?

#15 Mwana_Mtaro
Na mbu je? Hakuna aliyetaja mbu. Mnatuambia tutuamishe maji mlangoni alafu mnatupa punguzo.

#16 BintiZege
Bustani ya mvua sio bwawa. Mbu anahitaji maji yaliyosimama siku kadhaa ndo viluwiluwi wakue, na miongozo mingi inataka maji yaliyo juu yawe yamezama ndani ya saa 72, wengine wanasema saa 48 au 24. Yakikaa zaidi ya hapo imejengwa vibaya. Mbu wengi utawakuta kwenye gata lililoziba majani na tangi lisilo na wavu.

Na kwa wanaosema haimezi kitu, hesabu nyepesi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 150, mvua ya milimita 30, hizo ni lita 4,500. Chimba bustani ya mita za mraba 15, acha nafasi ya sentimita 15 juu maji yasimame kwanza, hapo lita 2,250. Chini yake weka udongo mlegevu wa sentimita 60 ambao robo yake ni nafasi tupu, lita 2,250 nyingine. Imeisha. Sehemu ya kumi ya paa inameza paa zima, na sijahesabu yanayozama ardhini wakati mvua bado inanyesha.

#17 Tofali_Bichi
Hesabu nzuri kwa udongo wa kichanga dada. Njoo kwenye mfinyanzi, ukijaza leo keshokutwa unayakuta.

#18 FundiPaipu
Ndo maana unapima kabla ya kuchimba Tofali. Chimba kishimo mpaka kina bustani itakapoishia, jaza maji, acha yazame ili udongo ushibe, jaza tena, chomeka rula, soma kila baada ya saa. Ikishuka chini ya milimita 13 kwa saa usitegemee kuzama peke yake, laza paipu yenye matundu chini ya kokoto iyatoe polepole. Bado umechuja uchafu na umechelewesha maji, na mtaro wa mtaani unafurahi vilevile. Tatizo baadhi ya halmashauri zinahesabu yaliyozama tu, yaliyocheleweshwa hayapati kitu, kwahiyo mwenye mfinyanzi haombi kabisa. Hilo nalo liandike kwenye orodha yako mkuu Mchoro.

#19 Zamu_ya_Usiku
Samahani kuingilia, mi naona hizi motisha zote ni kubembeleza. Toronto walichoka wakatunga sheria 2009, kila nyumba mpya lazima iwe na bustani juu ya paa. Kwisha habari.

#20 KaraniMstaafu
Sio kila nyumba ndugu yangu. Ilihusu majengo mapya yenye eneo la sakafu kuanzia mita za mraba 2,000, na mimea ilitakiwa ifunike kati ya asilimia 20 na 60 ya paa kulingana na ukubwa. Nyumba ya mtu ya kawaida haikuwemo. Na ilikuwepo nafasi ya kulipa hela badala ya kujenga paa hilo.

#21 Zamu_ya_Usiku
Sawa mzee, 2,000 iwe 2,000, lakini sheria ni sheria, hoja yangu iko palepale.

#22 Kasuku_wa_Bati
Mbona Basel kule Uswisi walifanya vyote viwili. Walianza na ruzuku miaka ya 1990, hela ikitoka kwenye tozo ya umeme, watu wakazoea, mafundi wakajifunza, bei za kazi zikashuka, alafu 2002 wakaweka lazima kwa mapaa mapya ya bapa. Na ruzuku wakaja kuirudisha tena kwa awamu. Kwahiyo motisha inaweza kuwa shule ya mafundi tu, sheria inakuja watu wameshaiva.

#23 Ngazi7
Au sheria iliwezekana kwasababu Basel ni mji tajiri. Tusipambe.

#24 Mwana_Mtaro
China nao wana hela na walijenga miji sifongo. Miji 30 ya majaribio kati ya 2015 na 2016, lengo asilimia 70 ya mvua itunzwe hapohapo. Zhengzhou haukuwemo kwenye hiyo 30 ila nao ulimwaga mahela. Julai 2021 kikawakuta, treni za chini ya ardhi zilijaa maji na watu walikufa. Sasa nichimbe bustani ya mita 15 ili iweje?

#25 BintiZege
Ile ilikuwa milimita 201.9 ndani ya saa MOJA mjomba. Rudi post #16, bustani yangu ni ya milimita 30. Hakuna mtu mkweli aliyewahi kusema vishimo vya uani vinazuia gharika, hilo ni la mito, mabwawa na kutojenga bondeni. Hizi ni kwa mvua ndogondogo za kila mara ambazo ndo nyingi kwa mwaka, na kwa yale maji ya mwanzo yanayoosha mafuta, tairi na kinyesi barabarani na kupeleka mtoni. Kwenye miji ya zamani ambako maji taka na ya mvua yanapita bomba moja, hata mvua ya kawaida inafurisha choo mtoni. Philadelphia kama asilimia 60 ya mji iko hivyo, ndo maana 2011 wakaingia kwenye mpango wa miaka 25 wa kuchimba kijani.

#26 Mwana_Mtaro
Basi wawe wanasema hivyo kwenye mabango yao. Wanaandika "mwisho wa mafuriko" alafu tukifurikiwa tunachukia hata kile kidogo kilichofanya kazi.

#27 Mama_Ramani
Mnazunguka jamani. Niliomba punguzo mimi mwenyewe, siwataji. Dirisha la mazingira wakaniambia acha eneo la mbele liwe wazi, maji yazame, utapunguziwa. Napeleka mchoro dirisha la vibali, wanasema idadi ya maegesho haijatimia, ongeza lami. Naongeza. Narudi kwa mazingira, eneo limepungua, hustahili. Dirisha la tatu wanataka gata zote zipelekwe kwenye mtaro kwa paipu, ni sharti, na hilohilo sharti ndo mazingira wamelikataza. Ofisi zote ziko jengo moja, korido moja! Nikachoka nikamwaga pevingi. Hela haikuwa ndogo, udongo wangu mzuri, na mimi ndo mlipa bili. Kwahiyo zote tatu za huko juu hazinihusu.

#28 Mchoro_Mbichi
Pole sana mama. Hapa ndo nimenyamaza.

#29 KaraniMstaafu
Hilo la Mama_Ramani naliamini bila ushahidi, nimekaa upande wa pili wa dirisha. Kabla ya kutangaza punguzo lolote ofisi ingekaa na sheria zake ndogo ione ni ipi inayolikataza. Upana wa barabara, idadi ya maegesho, kimo cha ukingo, wapi gata linatoa. Berlin walifanya jingine, waliweka alama. Lami ilikuwa inapata 0, pevingi yenye nyufa 0.3, udongo wazi wenye mimea 1, unazidisha kila alama kwa eneo lake, unajumlisha, unagawanya kwa eneo la kiwanja kizima, nyumba mpya ya kuishi ifikie 0.6. Upite njia yoyote unayotaka. Seattle wakaiga 2006 kwa mfumo wao.

#30 Zamu_ya_Usiku
Mzee unaona hata hiyo ni sheria sio motisha 😎

#31 Kasuku_wa_Bati
Jiji la Washington DC wao waligeuza biashara kabisa. Tangu 2013 mradi mkubwa lazima utunze mvua ya inchi 1.2, kama milimita 30 hizo za Binti, lakini ukishatunza nusu kwako unaruhusiwa nusu nyingine ununue kwa mtu. Mwenye kanisa au uwanja anachimba bustani kwa hiari, anapewa hati, kila hati ni galoni 1 kwa mwaka 1, anamuuzia mwenye ghorofa. Ngazi7 hapo si unanunua tu unaendelea na lifti zako?

#32 Ngazi7
Nanunua asubuhi. Ila swali, mwaka wa tano bustani ya kanisa imejaa taka, hati bado inahesabika?

#33 Kasuku_wa_Bati
Wanakagua, na hati haitolewi ya milele, inathibitishwa kwa kipindi, kinaisha unakaguliwa tena. Afadhali hiyo kuliko punguzo linalotoka kimya kimya kama la bustani ya FundiPaipu.

#34 Mama_Ramani
Nyie mnapenda vitu vikubwa. Portland kule Oregon, Marekani, kuanzia 1993 mpaka 2011 walikuwa wanampa mwenye nyumba dola 53 kwa kila paipu la gata akilikata lisiingie kwenye bomba la mji, likamwage maji kwenye majani yake. Msumeno, kiwiko, kipande cha paipu. Walikata zaidi ya mapaipu 56,000. Hakuna cheti hapo wala injinia. Labda watu hawachukui kwasababu mmeifanya iwe kazi ya wasomi.

#35 Tofali_Bichi
Mama umemaliza. Sasa FundiPaipu, nikikata gata langu leo jioni nalielekeza wapi? Nyumba iko kwenye mteremko, upande wa chini ni ukuta wa jirani.

#36 Ngazi7
Huyu si ndo alitaka uzi ufungwe post ya pili? 😂

#37 FundiPaipu
Subiri usikate kitu. Maji yatoke angalau mita 3 kutoka kwenye msingi wako, na usiyaelekeze kwenye ukuta wa jirani utakuja kuujenga wewe. Kama mteremko ni mkali usitegemee kuzamisha maji pale, udongo ukilowa unashuka na wewe. Alafu shimo la choo liko upande gani? Likiwa chini ya hapo unapotaka kumwaga maji tutafute kona nyingine. Piga picha kona zote nne na gata lionekane, weka hapa.

#38 Tofali_Bichi
Napiga kukikucha, saivi giza. Choo kiko hukohuko chini, karibu na ukuta.